Kamba, Mawe na Maua

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, baadhi ya wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwashauri wenzao waliojeruhiwa moyoni na vita. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulihusu Wanyarwanda na Wasomali 277. Tiba mojawapo kwa kawaida huanza hivi: mtu hulaza kamba chini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka jiwe penye uchungu, ua penye furaha. Kisha husimulia polepole kwa mfuatano. Mshauri huandika na kumsomea kikao kinachofuata. Walioshauriwa walipona wengi zaidi kuliko wasioshauriwa.

Sisi tuliwahi kumwita mama mmoja atoe ushuhuda mbele ya wageni. Alitetemeka, akanyamaza. (Wageni walipiga makofi!) Siku hizi tunaomba chumba chenye mlango unaofungika, na nauli ya mshauri.