Somo: Simu imekuwa mfuko wa pesa. Nani anashika ufunguo wake?

Ndugu viongozi, na ninyi familia mliohamishwa na vita,

Wengi wetu tulikimbia bila godoro wala sufuria, lakini simu ilikuwa mfukoni. Katika somo hili tutaangalia jinsi makampuni ya simu yanavyopata faida. Njia hiyo imepita hatua tatu, na kila hatua imegusa maisha yetu.

1. Simu ya matajiri
Katika miaka ya 1980, kampuni ya Telecel ilianza kazi Kinshasa. Simu moja iliuzwa maelfu ya dola. Mteja alipiga kwanza, akalipa baadaye. Kwa hiyo mtu asiye na mshahara hakuaminiwa.

2. Kulipa mbele
Katika miaka ya 1990, makampuni ya Ulaya na Afrika yalianza kuuza kadi za kulipia mbele. Hofu ya deni ikaisha, na maskini akawa mteja. Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudani, alianzisha Celtel mwaka 1998. Mwaka 2005 iliuzwa kwa dola bilioni 3.4. Sehemu kubwa ya thamani hiyo ilijengwa na kadi ndogo ndogo za watu wa kawaida.

3. Simu ya pesa
Mwezi wa 3 mwaka 2007, Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa. Mwaka 2012 Vodacom iliileta Kongo. Sasa faida haitoki kwa maongezi tu: kampuni inakata ada watu wanapotuma au kutoa pesa. Hata misaada mingine inapitia humo.

Jambo hili linagusaje amani?
Laini inaandikishwa kwa jina la mtu mmoja, na namba ya siri ni ya mtu huyo peke yake. Laini ikiwa ya mume, naye yuko mbali, mama na watoto wanalala njaa wakati msaada umekwisha kufika. Kiongozi akikusanya namba za siri, hata kwa nia njema ya kusaidia wasiojua kusoma, siku pesa ikipotea yeye ndiye mshtakiwa wa kwanza. Na shaka ya pesa hugeuka upesi kuwa maneno ya kabila.

Tunashauri hivi:
- Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata chifu, hata wakala.
- Uliza ada kabla ya kutoa pesa.
- Asiyejua kusoma asindikizwe na mtu aliyemchagua mwenyewe.
- Kiongozi aeleze mbele ya wote nani ameandikwa, na kwa sababu gani.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika nyumba yetu, laini ni ya nani? Kwa nini?
2. Pesa ikipotea, tunapeleka lalamiko wapi kabla ya kushutumiana?