Nyuma ya Milango Iliyofungwa

SOMO LA JUMA
Andiko: Yohana 20:19-29; Matendo 2:14-41
Lengo: Tuelewe hofu ya kutoka nje, na tujue jinsi ya kutembea na ndugu anayepambana nayo.

Juma hili nataka tuongee juu ya washirika ambao majina yako kwenye daftari letu lakini viti vyao viko wazi. Si wote wamerudi nyuma. Wako wanaompenda Bwana, wanatoa fungu la kumi kwa simu, wanafuatilia ibada mtandaoni kila Jumapili, lakini kupita geti ya ploti kumewashinda.

Dada mmoja wa kanisa letu amenipa ruhusa niseme habari zake bila kumtaja. Aliniambia, "Pasta, si kwamba nimemwacha Yesu. Nikifika steji moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, pumzi inakata, naona kama nakufa pale pale mbele ya watu. Nikirudi kwa nyumba, inaisha." Alikuwa amemaliza miezi saba bila kufika kanisani. Alichokuwa amepokea kwa simu ni jumbe za kumwonya asipoteze wokovu.

1. Hofu hii ni nini?

Inaitwa agorafobia. Jina limetoka kwa Kigiriki: agora ni soko au uwanja wanapokutana watu, na fobia ni hofu. Daktari Mjerumani, Carl Westphal, ndiye aliyelitumia mwaka wa 1871, akieleza wagonjwa walioshindwa kuvuka viwanja vya wazi mjini. Kwa hivyo si jambo jipya.

Madaktari huangalia hali tano: kupanda gari la abiria, kuwa mahali pa wazi kama soko au uwanja, kuwa mahali palipofungika kama duka au ukumbi, kusimama kwa foleni au umati, na kuwa nje ya nyumba peke yako. Mtu akiogopa angalau mbili kati ya hizo, hali ikaendelea miezi sita au zaidi na kumvuruga maisha, huo ni ugonjwa unaotibika. Anachoogopa hasa ni kushikwa na mshtuko mahali ambapo hawezi kutoka haraka wala kupata msaada.

Sasa fikiria kanisa letu Jumapili: watu wamejaa, spika ziko juu, wewe uko katikati ya safu. Kwetu ni baraka, kwake ni mtego.

2. Inavyojijenga

Mshtuko wa hofu ni mwili kupiga king'ora bila mwizi. Moyo unakimbia, jasho linatoka, kichwa kinazunguka. Unapanda kwa kasi, unafika kilele kwa dakika chache, halafu unashuka wenyewe. Shida ni kwamba mtu hukimbilia nyumbani kabla haujashuka. Akili inaandika: nyumba ndiyo imeniokoa. Kesho steji inaogopesha kuliko leo.

Ni kama mkopo wa shailoki. Leo unapata nafuu mkononi, lakini riba inakula. Unaacha matatu, kisha soko, kisha duka la jirani, mwishowe umebaki na chumba kimoja.

3. Neno linatufundisha nini?

Wanafunzi walikuwa ndani, milango imefungwa kwa sababu ya hofu. Sisemi walikuwa na ugonjwa huu. Wao walikuwa na sababu wazi ya kuogopa. Lakini angalia Bwana alivyowatendea. Hakusimama nje akawaita waoga. Aliingia walipokuwa, akasimama katikati yao, akawapa amani, akawaonyesha mikono yake.

Halafu soma mstari wa 26 polepole. Siku nane baadaye wako ndani tena, na milango bado imefungwa! Walikuwa wamemwona Bwana aliyefufuka kwa macho yao, na bado kufuli iko mlangoni. Yesu alifanya nini? Alikuja mara ya pili, na amani ile ile. Mpendwa, kama umeombewa Jumapili na Jumatatu bado unaogopa, Bwana hajachoka nawe.

Katika sura ya 21 tunawaona saba kati yao nje, kando ya bahari. Katika Matendo 2, Petro amesimama mbele ya umati, na watu kama 3,000 wakaongezwa siku hiyo. Kutoka chumbani hadi kwa umati kulikuwa na siku, na kulikuwa na vituo njiani. Roho Mtakatifu aliyewasha moto siku ya Pentekoste ni wa Bwana yule yule aliyewavumilia nyuma ya mlango.

4. Hatua za kutoka

Kwanza, nenda hospitali. Matatizo ya tezi ya shingo, ya moyo au upungufu wa damu yanaweza kuleta dalili zinazofanana. Daktari akiondoa hayo, uliza kliniki ya afya ya akili au mshauri nasaha aliyehitimu. Ukipewa dawa, jua kwamba nyingi huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Usiziache kwa sababu umeombewa. Rudi kwa daktari aliyekuandikia. Tunaamini Yesu anaponya, na hatuoni aibu akitumia kliniki.

Pili, andika ngazi yako. Dada yetu aliandika hivi pamoja na mshauri wake: kusimama getini dakika kumi, kufika dukani na mtu, kufika dukani peke yake, kuja kanisani siku ya kazi wakati hakuna mtu, kuja maombi ya Jumatano, ibada ya kwanza Jumapili. Alirudia kila hatua mpaka ikazoeleka, ndipo akapanda inayofuata.

Tatu, hofu ikija, usikimbie kama unaweza kubaki. Toa pumzi polepole, omba kwa maneno machache, na uiache ishuke ukiwa pale pale. Hapo ndipo akili inajifunza kwamba hukufa.

Nne, tegemea siku mbaya. Ukiteleza, shuka ngazi moja uanze tena.

Leo dada yetu anakaa ibada ya kwanza mpaka mwisho, kiti cha nyuma karibu na mlango. Matatu ya kwenda mjini bado inamshinda. Tunaendelea.

5. Kanisa lifanye nini?

Mtembelee, usimtumie onyo. Mpigie kabla ya kwenda, na msiende watu kumi. Usimwambie imani yake ni ndogo, wala usikimbilie kusema ni pepo. Usimvute kwa nguvu. Yeye ndiye anachagua hatua, wewe unatembea kando yake. Pia usimfanyie kila kitu kila siku, maana ukimletea unga, sukari na maji, hatakuwa na sababu ya kufungua mlango. Ibada ya simu imshike mkono kwa sasa, lakini iwe ngazi ya kuja, isigeuke kitanda cha kulala.

Wahudumu wa mlangoni, tafadhali: mtu akitaka kiti cha nyuma au akitoka katikati ya ibada, mwacheni. Msimpeleke mbele.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani hatujamwona miezi mitatu, na nani atampigia kabla ya Ijumaa?
2. Kwa nini unafikiri Yesu alirudi mara ya pili katika Yohana 20:26?
3. Katika ushirika wetu, ni maneno gani yanaweza kumfungia mtu mlango zaidi?

Ombi

Bwana Yesu, wewe unaingia hata mahali palipofungwa. Ingia kwa nyumba ya ndugu yetu leo na amani yako. Mpe nguvu ya hatua moja, na utupe sisi miguu ya kwenda kumtembelea. Amina.