Kabla Hujanunua Kiwanja Nje ya Mji: Niliyojifunza Kibada

Vijana niliofanya nao kazi kabla sijastaafu wakija kunisalimu Kibada, Kigamboni, hakosekani mmoja wa kunivuta pembeni na kuniuliza: "Mama, ninunue huku au niendelee kupanga mjini?" Ana akiba kidogo, ana watoto wanaokua, na amechoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Jibu langu huwa refu kuliko muda alionao, ndiyo maana nimeona niliandike.

Kiwanja chetu kilitokana na mradi wa serikali wa viwanja 20,000, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 na kupima maeneo ya pembezoni kama Bunju, Mbweni, Tuangoma na huku kwetu. Kibada ya wakati ule ilikuwa mikorosho, minazi na ukimya. Ukimya huo niliupenda mno, na ulinigharimu.

1. Kiwanja kikaguliwe masika

Sisi tulikwenda kukiona kiangazi. Ardhi kavu, upepo wa bahari unapuliza, na mimi na viatu vyangu vya kisigino nikimwelekeza mume wangu sebule itazame wapi. Masika yaliyofuata lori la mchanga lilizama njiani hadi ekseli, fundi akakaa juu ya rundo la tofali akitafuna muhogo, akingoja maji yaondoke. Mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa akipita na jembe begani alisimama, akatutazama, akasema taratibu: "Wanangu, hapa kila mwaka ndivyo panavyokuwa. Si mngeuliza?"

Hatukuuliza. Tulimsikiliza dalali, naye dalali hakuwa akilima pale. Fedha ya kupaua iliishia kwenye kifusi cha kuinua msingi.

Kama huwezi kusubiri mvua za Machi hadi Mei, tafuta matete. Yakiota kiwanjani, maji yanajua njia ya kufika hapo. Angalia pia mistari ya uchafu chini ya kuta za nyumba za jirani, kisha mtafute mwenye shamba la karibu umsalimie vizuri.

2. Umbali uhesabiwe kwa saa

Ukisimama kivukoni Kigamboni unaiona Posta ng'ambo, na ukitaka unaweza kuhesabu madirisha ya maghorofa yake. Hilo ndilo lililonidanganya. Njia yetu ilikuwa pantoni, na pantoni ikisumbua, upande mzima wa Kigamboni ulichelewa kazini. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa akisoma ng'ambo, alianza kulala na soksi za shule miguuni ili apunguze shughuli za alfajiri. Usiku wa kwanza nilipomkuta hivyo nilicheka. Baadaye nikawa namfunika tu na kutoka.

Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, urefu wake mita 680, kutoka Kurasini, na sitaki kudharau lilichotufanyia. Mgonjwa sasa huvushwa usiku bila kubembeleza mtu. Lakini lilikuja na tozo, ambayo wakazi waliilalamikia miaka kadhaa hadi ikapunguzwa mwaka 2022. Mwenye gari anapopiga hesabu ya kuhamia huku, nauli ya familia nzima na tozo ya kwenda na kurudi viingie kwenye bei ya kiwanja.

Umbali haukutuumiza sisi peke yetu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, juu, mbali na maji. Wapo waliorudi bondeni. Watu wa mjini waliwashangaa sana, lakini mimi nilikuwa nimeshapanda pantoni vya kutosha, sikushangaa. Riziki yao ilikuwa Kariakoo, na Kariakoo haikuhama nao.

Usiende kupima safari Jumapili kwa gari la rafiki. Nenda Jumatatu, utoke huko saa kumi na moja alfajiri kwa daladala, na ikiwezekana uwe na mtoto.

3. Mawe manne ya mpaka (bikoni) yana thamani kuliko nyumba

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, kwa sababu wakati wa kununua nililalamikia bei ya kiwanja kilichopimwa. Dada yangu alinunua upande mwingine wa jiji, eneo lisilopimwa, kiwanja kikubwa mara mbili ya chetu kwa bei ndogo. Alinicheka wazi: "Mwenzangu umenunua bikoni." Sikuwa na la kumjibu, hata usiku niliona kama tumeibiwa.

Miaka ikapita, watu wakajaa kwao, kila mmoja akajenga hadi mwisho wa alichonunua. Baba mkwe wake alipofariki, gari lililoleta mwili liliishia kwenye lami. Jeneza likaingizwa kwa mabega katikati ya kuta mbili, na penye kona halikukata. Wanaume wa mbele walipanda juu ya ukuta wa jirani wakalipokea kutoka juu, wa nyuma wakisukuma, shekhe akiwasihi waende polepole. Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yao na kanga kichwani. Dada yangu alinitazama. Suala la bikoni halikurudi tena katika mazungumzo yetu.

Panapopimwa, barabara hutengwa kabla ya nyumba. Gari la zimamoto linapita, gari la kunyonya majitaka linapita, lori la tofali linapita. Panaporasimishwa baadaye, kila mtu anaombwa kumega hatua kadhaa za eneo lake, na uliza uone nani anakubali kubomoa ukuta wake kwanza. Tena kiwanja kilichopimwa kinakupa nafasi ya kupata hati, ya miaka 33, 66 au 99, ambayo benki inaielewa. Kama fedha yako inatosha kiwanja kidogo kilichopimwa au kikubwa kisichopimwa, chukua kidogo.

4. Mchoro hauna vumbi

Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni. Michoro ilikuwa mizuri kweli, maghorofa na bustani, na katika kata zilizohusika watu walizuiwa kuendeleza maeneo yao. Waliokuwa na msingi wakabaki na msingi. Waliotaka kuuza hawakupata wa kununua kwa bei ya maana. Mji wa kwenye michoro haukujengwa, na umri wa kujenga wa baadhi yao ulipita wakisubiri.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha pori na kusema "hapa shule, hapa soko, hapa zahanati", nunua kwa kuhesabu kilichopo siku hiyo. Mengine yakija, ushukuru. Na eneo la wazi la mtaa wenu mlifahamu kwa namba yake kwenye ramani ya mipango miji. La kwetu lilianza kulimwa mahindi, nasi tukafurahi hata kununua mabichi ya kuchoma. Siku moja tukakuta shimo la msingi limechimbwa katikati. Kulirudisha kulihitaji vikao, barua na mwenyekiti wa mtaa asiyeogopa kelele.

5. Maji: onja mwenyewe

Kisima chetu kilitoa maji mengi, ambayo sabuni haikutoa povu ndani yake na chai ilikuwa na ladha ya machozi. Visima vya DAWASA vya Kisarawe II vilizinduliwa mwaka 2022, huduma ikaanza kubadilika. Hadi hapo ilikuwa boza na simtanki. Omba glasi ya maji kwa jirani kabla hujalipa.

6. Usianze na ukuta

Mimi nilianza nao. Nyumba ilikuwa boma lisilo na bati, lakini ukuta ulikuwa mrefu, na geti nililipaka rangi nyekundu. Wezi waliingia, wakakata nyaya na kung'oa fremu za milango kwa nafasi yao, bila wasiwasi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwaona. Ukuta ulikuwa umewasitiri wao.

Mtaa mpya una viwanja vingi vilivyonunuliwa vikaachwa. Masharti ya hati huwa yanataka kiwanja kiendelezwe ndani ya miezi 36, lakini vichaka havijui kusoma, na wenye navyo wako mbali. Kilichotulinda ni watu. Mama wa genge la mboga aliyejua kila gari linaloingia, vijana wa ulinzi shirikishi tuliowachangia, na jirani aliyekuja na chapati siku ya kwanza tulipolala pale na taa ya chemli. Mtaa wa zamani unakupa majirani tayari wamezoeana. Huku mnaanza sifuri wote, na kwa tabia yangu ya kujifungia, msiba wa kwanza wa mtaani ndio ulionifanya nijue majina ya watu.

7. Jenga ya kulala kwanza

Nilitaka vyumba vitano, chumba cha kulia peke yake, na baraza la kunywea chai nikiwa mzee. Watoto walikua na kuondoka wakati bado tunapiga lipu. Chumba cha kulia kina mifuko ya saruji iliyoganda na baiskeli isiyo na mnyororo. Chai nanywea jikoni. Vijana wawili wa mtaa wetu walianza na chumba, choo na jiko uani, wakaacha kulipa kodi mapema, na nyumba kubwa wakaiinua kwa ile ile kodi. Ningekuwa na akili yao, ningestaafu bila deni.

Ukiniuliza kama ningenunua tena Kibada, ningenunua. Nina hewa, nina miembe yangu, hakuna mwenye nyumba anayenigongea mlango, na barabara ya mbele ya geti haijawahi kupungua upana. Ila wewe, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi, chukua namba ya kitalu na ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi, ujue jina lililoandikwa pale ni la nani. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na kesi ya ardhi.