Filamu za Kutazama na Watoto bila Kukimbilia Rimoti

Mzazi mwenzangu wa Bukoba au Muleba, bila shaka yameshakukuta: bibi yupo sebuleni, watoto wamekaa mkekani, mara kwenye luninga watu wanaanza kuvuana nguo. Rimoti haionekani, kumbe kuna aliyeikalia. Filamu nzuri ya familia ni ile isiyokulazimisha kuinuka. Zifuatazo ndizo ninazozipenda, pamoja na namna ya kuzipata na gharama yake.

Wadogo waanze na nini?
Walio chini ya miaka 7 hawawezi kutulia saa 2. Waanzishie katuni za Kiswahili zinazotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo. Akili and Me ni ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, huwafaa waliokwisha kuanza shule, kwa kuwa hufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Vipindi ni vifupi, na vingi vipo YouTube bure. Unalipia bando tu.

Tukitaka kucheka?
Tafuta The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980. Rubani anatupa chupa tupu ya soda, inaangukia kwa Wasani, watu wa Kalahari. Kila mmoja anaitaka na ugomvi unaanza, hadi baba mmoja anafunga safari kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Ina milio ya risasi, kwa hiyo wadogo wasikae peke yao. Wakubwa waambie pia kwamba ilitengenezwa Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, kisha waulize kama ni haki kuwaonyesha Wasani kama watu wasiojua lolote.

Na tukitaka kufikiri?
Ya kwanza ni Queen of Katwe (2016), kisa cha kweli cha majirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula. Phiona Mutesi, binti muuza mahindi wa Katwe, Kampala, anajifunza sataranji, yaani chesi, mpaka anashindana nje ya nchi. Msikilizeni mtoto mdogo anayemweleza kwamba kete ndogo kuliko zote, ikifika upande wa pili wa ubao, inaweza kugeuka malkia. Mtazameni pia mama yake Phiona, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anavyouza kitambaa chake cha thamani ili binti apate mafuta ya taa ya kusomea usiku.

Ya pili ni The Boy Who Harnessed the Wind (2019), kisa cha William Kamkwamba wa Malawi. Kijiji kina njaa, naye anamwomba baba baiskeli yake aikate atengeneze mtambo unaozungushwa na upepo ili upampu maji shambani. Njaa imeonyeshwa bila kufichwa, hata mbwa anakufa, kwa hiyo subiri watoto wafikishe miaka 10 hivi.

Ya tatu ni Supa Modo (2018) ya Kenya. Jo ana miaka 9 na ugonjwa wake si wa kupona. Anatamani kuwa shujaa wa sinema, basi kijiji kizima kinaigiza kwamba kweli ana nguvu za ajabu. Mtacheka, kisha mtalia. Kama karibuni mmefiwa, iahirisheni kidogo.

Gharama ni kiasi gani?
Kinachokula fedha ni bando. Picha ya kiwango cha chini hutumia takriban MB 300 kwa saa, ya kati takriban GB 0.7, na ya HD inaweza kufika GB 3. Kwa hiyo Queen of Katwe, yenye saa 2 na dakika chache, itakula kama GB 1.4 kwa kiwango cha kati. Linganisha na bei ya kifurushi cha mtandao wako kabla ya kubonyeza. Filamu ya Kamkwamba ipo Netflix, ambako unalipa kwa mwezi, na unaweza kuipakua kwenye simu usiku ukaitazama kesho yake bila intaneti. Ukiipakua mapema, hata umeme ukikatika simu yenye chaji inatosha.

Kiingereza kikitusumbua?
Supa Modo ina Kiswahili kingi. Kwa nyingine, simamisha kila baada ya dakika 20 na ueleze kilichotokea. Zilizotafsiriwa na madijei hufurahisha, lakini dijei huongeza utani wake, mara nyingine na matusi. Zisikilize kwanza mwenyewe. Usimtume mtoto kibanda umiza, maana pale mlangoni wanaangalia kiingilio, hawaulizi umri.

Ikiisha tufanye nini?
Usihubiri. Uliza swali moja, kisha nyamaza usikilize. Kwa mfano: chupa ile ingeangukia uani kwetu, nani angeigombea? Au: ungekuwa baba yake William, ungetoa baiskeli?

Kama hujui pa kuanzia, chagua Supa Modo Jumamosi hii. Ina dakika 74 tu. Itazame peke yako Ijumaa usiku, kesho yake kaanga senene kama ni msimu wake, uwaite wote.