Mtu Mmoja, Majina Mengi

Mtu akaaye Mbagala ana majina mengi. Ni Mzaramo au Mmakonde, ni mpangaji au mwenye nyumba, ni mchuuzi wa Rangi Tatu, ni Simba au Yanga, ni Mwislamu au Mkristo. Kila jina lina saa yake. Mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka tarehe 29 Aprili 2009, yakaua watu zaidi ya 20 na kubomoa nyumba nyingi, hayakuchagua. Siku ile wote walikuwa watu wa Mbagala, basi.

Ijumaa tarehe 12 Oktoba 2012 jina moja liliyameza mengine yote. Watoto wawili walikuwa wamebishana juu ya Kurani, na mmoja wao, Mkristo, akasemwa kuwa ameikojolea. Ugomvi wa namna hiyo, siku nyingine, wangaliumaliza wazazi pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Siku ile umati ulimdai mtoto polisi, mabomu ya machozi yakapigwa, na makanisa kadhaa yakavunjwa na kuchomwa moto.

Twakosea tukidhani kwamba hasira ile ilizaliwa asubuhi ile. Hazikuwa zimetimia wiki saba tangu sensa ya tarehe 26 Agosti, ambayo baadhi ya Waislamu waliigomea kwa kuwa haikuuliza dini. (Sensa ya 1967 iliuliza dini na kabila, zilizofuata ziliacha.) Nyuma ya sensa ilikuwapo kumbukumbu ya Mwembechai, Februari 1998, polisi walipofyatua risasi na watu wakafa. Na nyuma zaidi, habari ya shule. Hii yatupasa tuiseme waziwazi, maana yatuhusu. Chini ya wakoloni shule nyingi zilikuwa za misioni, nazo ndizo zilizotoa wengi wa makarani, walimu na maofisa. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitwaa shule hizo ili mtoto wa dini yo yote apate kusoma. Lakini pengo la miaka mingi halizibwi kwa sheria moja. Wenye kulalamika hawakubuni yote, ingawa kuchoma kanisa hakumpi mtoto ye yote nafasi darasani.

Siasa ya vyama vingi, iliyorudi mwaka 1992, ni kazi ya kuhesabu kura, na mwenye kuzitafuta hupenda jina litakalokusanya watu wengi kwa maneno machache. Habari za maji na barabara zataka maelezo marefu, dini haitaki. Katiba yetu hukataza chama kilichoundwa kwa ajili ya dini, kabila au mahali pa asili. Ni kinga njema. Lakini sheria huzuia bango, haizuii mnong'ono.

Wala mnong'ono huo haukai msikitini peke yake. Katika nyumba za Wakatoliki pia, jina la mgombea likitajwa redioni, swali la kwanza mara nyingi ni hili: "Ni wa kwetu?" Watoto huketi hapo hapo wakisikiliza. Katika miaka ya 1950 wazee wa Kiislamu wa Dar es Salaam walimpokea Julius Nyerere, mwalimu Mkatoliki wa Pugu, wakamfungulia nyumba zao na kumtegemeza katika TANU. Wangalianza kwa swali letu hilo, wangalimpokea?