Mapengo ya Upimaji katika 4G: Mwongozo kwa Mafundi wa Redio

Mwongozo huu ni wa mafundi wanaopanga mipangilio ya minara ya 4G na wale wanaopima mtandao barabarani. Unahusu malalamiko ya aina moja: mteja yuko karibu na mnara, simu inaonyesha mawimbi ya kutosha, lakini intaneti ni nzito.

Simu yenye kipokezi kimoja haiwezi kusikiliza masafa mawili kwa wakati mmoja. Ikiwa inahudumiwa kwenye MHz 1800 na mnara unataka kujua hali ya seli jirani ya MHz 800, sharti simu isimamishe data, ihamie huko, ipime, kisha irudi. Seli jirani za masafa yale yale hupimwa bila kusimamisha chochote.

Usitishaji huo ndio pengo la upimaji, nao huchukua milisekunde 6. Ishara ambazo simu hutumia kuitambua seli hurudiwa kila milisekunde 5, na muda unaobaki ni wa kuhama na kurudi. Pengo hujirudia kila milisekunde 40 au 80, yaani asilimia 15 au 7.5 ya muda wa simu. Hasara yenyewe huzidi hapo: uthibitisho wa data hutumwa milisekunde 4 baada ya data kupokelewa, hivyo data inayotumwa pengo likiwa limekaribia hukosa jibu kwa wakati.

Pengo huwashwa mara nyingi na tukio A2, seli inayohudumia inaposhuka chini ya kizingiti. Kizingiti kikiwekwa juu mno, hata simu zisizo na haja ya kuhama hupima mchana kutwa. Kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kusahau A1, tukio linaloujulisha mnara kuwa seli imeimarika ili uzime pengo. Mteja aliyelipia bando lake hajui A1 ni nini. Anachoona ni faili lisilofunguka. Weka A1 juu ya A2 kwa desibeli kadhaa, pengo lisiwe linawaka na kuzimika ovyo.

Milisekunde 40 zinafaa kando ya barabara kuu na reli, ambako simu lazima ihame upesi. Sokoni au maofisini, 80 zinatosha. Kagua pia orodha ya masafa ya jirani: yote hugawana mapengo yale yale, hivyo kila moja unaloongeza huchelewesha mengine. Futa yasiyo na seli jirani eneo hilo. Zingatia vilevile taarifa ya uwezo wa simu, kwani zipo zinazoweza kupima baadhi ya bendi bila pengo.

Kabla ya kupanda mnarani, fungua kumbukumbu za kipimo cha barabarani na utafute ujumbe wa mipangilio uliowasha pengo. Kasi ikishuka papo hapo na kurudi pengo linapozimwa, acha antena kama ilivyo, urekebishe vizingiti.