Ukubwa wa Pipa na Ukomavu wa Divai

Mkulima wa Dodoma, ambaye mizabibu yake huzaa mara mbili kwa mwaka, aweza kujitengenezea divai nyumbani, na akipata pipa la mwaloni aweza kuikomaza vema. Lakini liko kosa moja liharibulo divai njema, nalo ni kulipa pipa dogo muda wa pipa kubwa.

Huko Bordeaux, Ufaransa, pipa la desturi huchukua lita 225, na divai nyekundu hukaa humo mwaka mmoja au zaidi. Mtu mwenye mavuno machache husikia habari hiyo, akanunua pipa la lita 27, akalijaza, akaliziba, akangoja mwaka. Alifunguapo hukuta kinywaji chenye ladha ya ubao, kikavu kinywani, na pengine kimekwisha kugeuka siki. Hapo huzilaumu zabibu zake, nazo hazina hatia.

Sababu yaonekana kwa hesabu. Tutumie masanduku badala ya mapipa, maana ni rahisi kupimwa. Sanduku la sentimeta 60 kila upande huchukua lita 216. Pande zake sita za ndani zina eneo la sentimeta za mraba 21,600, basi kila lita hupata ubao wa sentimeta za mraba 100. Sasa pima sanduku la sentimeta 30 kila upande. Hili huchukua lita 27, na eneo lake la ndani ni sentimeta za mraba 5,400. Kila lita hapa hupata 200. Divai imepungua mara nane, lakini ubao uigusao kila lita umezidi maradufu. Pipa ni la mviringo, ila kanuni ni hiyo hiyo.

Ubao una kazi mbili. Kwanza huipa divai ukakasi na harufu iliyo kama ya vanila. Kazi hii katika pipa dogo huenda mbio. Pili hupitisha hewa kidogo kidogo, nayo hewa hiyo hulainisha ukakasi na kuimarisha rangi. Kazi ya pili yahitaji miezi, wala haiharakishwi. Hewa ikizidi divai huchakaa. Pipa dogo huwa na mbao nyembamba pia, hivyo hewa huingia zaidi na divai hupotea zaidi kwa kukauka. Ndiyo maana divai ya pipa dogo hujaa ladha ya mti kabla haijakomaa.

Basi, ikiwa pipa lako ni dogo na jipya, lijaze maji kwanza hata liache kuvuja, uyamwage, ndipo utie divai. Baada ya juma la pili onja kila juma. Siku utakapoitambua ladha ya mwaloni wazi, nayo haijaifunika ladha ya zabibu, ihamishe divai katika mitungi ya kioo iliyojaa hata shingoni, ikamalizie kukomaa humo. Usingoje Jumapili ijayo. Divai ya pili itakaa muda mrefu kuliko ya kwanza, na ya tatu zaidi, kwa kuwa ubao hupungukiwa nguvu kila utumikapo.

Wakati wote pipa na liwe limejaa. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu, na pipa dogo hupungua upesi. Nafasi iliyo wazi juu ya divai ndiyo makao ya vijidudu vya siki. Tangu mwanzo weka akiba ya divai ile ile katika chupa ndogo zilizojaa, uongeze kila uonjapo.

Pipa likiwa tupu lioshe kwa maji, ulikaushe kidogo, uchome kipande cha salfa safi ndani yake, kisha ulizibe. Usivute moshi wake. Ukiliacha wazi juani mbao husinyaa, pete hulegea, na mavuno yajayo yatavujia sakafuni.